Buibui wa Numazu

Nilipanda treni Tokyo alfajiri, nikabadilisha Mishima, na saa tatu asubuhi nikashukia Numazu kwenye rasharasha isiyokata. Mlima Fuji niliouota ulikuwa umejifunika gubigubi. Nikafuata pua hadi bandarini. Samaki wamepasuliwa, wametandazwa, wanakauka: ng'onda kabisa, ila wenyewe husema himono. Kwa dakika moja nilikuwa Tanga.

Ghuba hii ya Suruga hushuka mita 2,500 hivi. Japani haina ghuba yenye kina kirefu kuliko hii. Ndiyo maana pale pale kwenye migahawa ya samaki pana nyumba ya viumbe wa kilindini. Ndani giza, na miwani yangu ikaingia ukungu. Nilikuwa nimemfuata papa. Wanamwita rabuka: mwili wa mkunga, meno yapatayo 300, kila jino na ncha tatu kama ndoana. Lakini niliyemkuta amekaushwa. Mwaka 2007 alipatikana mmoja hai karibu na uso wa bahari hapa hapa. Wakamtia bwawani, akafa baada ya saa chache.

Kando yake, tangini, kitu kikajikunjua. Mhudumu akanifundisha jina kwa subira: kumohitode. Kumo ni buibui, hitode ni kiti cha pweza. Ubongo hana. Njia ya haja hana pia. Chakula huingilia kinywani na mabaki hutokea humo humo, samahani kwa wanaokula. Ukimkamata mkono anakuachia, aende zake akaote mwingine. Nilimtazama akitembea: mkono mmoja mbele, miwili ya kando ikipiga kasia. Nusu saa ikapita, papa nimeshamsahau.

Orofa ya juu wamelala samaki wa silikanti waliogandishwa, kutoka Komoro. Nikawasalimu, majirani hao.

Mchana nikaagiza kakiage, bhajia ya uduvi wa waridi wa ghuba hii, inayomeguka ukiigusa tu. Bibi mwenye mgahawa akaona soksi zangu zinavyochuruzika. Akaniletea taulo na chai ya moto, bila kuulizwa. Nikaacha sarafu za bakshishi mezani. Nimefika kituo cha basi, namwona bibi anakuja mbio mvuani, sarafu mkononi, anainama na kunirudishia zote.

Ukienda Numazu, beba soksi za akiba. Papa mpite, simama kwa buibui.