Bundi wa Ghala Langu

Leo nataka kukueleza kosa langu. Mimi ni bwana shamba hapa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa. Kazi yangu ni kuwashauri wakulima wa mahindi, mihogo na mpunga. Lakini mwaka 2016 niliua bundi.

Mtoto wangu alikuwa na homa. Usiku bundi akalia juu ya ghala langu. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu, akaniambia, "Bwana shamba, umesoma, lakini bundi ni bundi. Anaita msiba." Niliogopa. Nilichukua mawe na fimbo ndefu, nikamuua.

Kulipokucha tulimpeleka mtoto zahanati. Alipimwa, akaonekana ana malaria. Akapewa dawa, akapona. Malaria huletwa na mbu. Hailetwi na bundi.

Siku ya pili niliingia ghalani kufagia. Chini ya boriti alipokuwa akikaa yule bundi nilikuta madonge meusi, makubwa kama kidole gumba. Nilidhani ni mavi. Nilivunja moja. Ndani mlikuwa na manyoya na mafuvu mawili ya panya. Nikavunja madonge 20. Nikahesabu mafuvu 43. Nilikaa chini, nikamkumbuka yule bundi.

Baadaye nilikwenda kozi Morogoro. Huko nilielewa. Bundi humeza panya mzima. Nyama husagwa tumboni. Manyoya na mifupa hubaki, naye huyatapika. Wataalamu wanaochunguza ndege wala nyama huokota madonge hayo na kuhesabu mafuvu. Hivyo hujua ndege amekula nini bila kumwua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliwahi kuweka miti ya kutulia ndege hao, na masanduku ya bundi kutagia, katika mashamba ya mahindi. Walitaka kujua kama ndege hao hupunguza panya.

Nisikudanganye. Bundi peke yake hawezi kumaliza panya. Panya shamba jike huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Kwa hiyo palilia shamba, fyeka kando yake, inua kihenge, tega mitego.

Lakini jihadhari na sumu. Panya aliyekula sumu akiliwa na bundi au paka, naye huweza kufa. Sumu haichagui. Mwaka 2019 nchini Botswana, tai 537 walikufa kwa kula mizoga ya tembo iliyotiwa sumu.

Mwaka huohuo wa 2019 bundi mwingine alihamia ghalani kwangu. Yule mzee alikuja na jiwe mkononi. Sikubishana naye. Nilimpa donge moja, nikamwomba alivunje. Alitoa fuvu, akalitazama sana.

"Kumbe huyu ndiye aliyekula mbegu zangu," alisema. Akaliweka jiwe chini. Hakusema kwamba haogopi tena, nami sikumwuliza.

Ndugu msomaji, bundi akilia na nyumbani kuna mgonjwa, mpeleke mgonjwa zahanati. Mwache bundi. Asubuhi tazama chini ya mahali anapokaa. Vunja madonge kwa kijiti, hesabu mafuvu, kisha nawa mikono kwa sabuni. Halafu amua mwenyewe kama huyo ni adui yako.