Shangingi la Ruaruke na daftari la spea

Kibiti. Abiria anayepanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri hufika Kibiti kabla jua halijawa kali. Njiani hupita Mkuranga, Kimanzichana na Bungu, huku mikorosho, minazi na michungwa ikimsindikiza pande zote mbili za Barabara ya Kilwa. Kibiti ndipo anapoiaga lami. Kutoka hapo kwenda Ruaruke, upande wa delta ya Mto Rufiji, njia ni ya udongo: kiangazi ni mchanga unaomeza tairi, masika ni tope.

Usafiri wa kila siku huko ni bodaboda. Ndiyo maana mgeni hugeuka mara mbili anapoona, chini ya mkorosho mbele ya nyumba moja ya bati, Land Cruiser VX nyeupe. Ni lile gari ambalo Watanzania walilipa jina la shangingi kwa kuzoea kuona likiwabeba wakubwa. Viti vyake ni vya ngozi, ingawa cha dereva kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Mita inasoma kilomita 411,980.

Mwenye gari ni dereva mstaafu. Kwa miaka mingi aliendesha magari ya aina hiyo, lakini mwenye gari alikuwa amekaa nyuma. Alipostaafu, alichukua sehemu ya kiinua mgongo, kijana wake aliyeko Dar es Salaam akaongezea, wakanunua hili likiwa na kilomita 340,000. Hiyo ni miaka sita iliyopita.

Mkewe hakulitaka. "Nilimwambia, baba, tununue guta tubebee korosho. Akasema, mama, hili gari mimi nalijua. Nikamjibu, unalijua kuliendesha, kulilisha hujawahi," anasema mama huyo, na mumewe anacheka kwa mbali.

Bei ya spea haizeeki

Maneno hayo ya mama ndiyo yanayowakuta wengi wanaonunua gari la kifahari lililochoka. Gari likifika miaka 20, bei yake huwa imeshuka sana kulinganisha na lilipotoka kiwandani. Bei ya spea zake haishuki pamoja nalo. Rejeta yake ni kubwa, breki zake ni kubwa, tairi zake ni nene, na kila kimoja kinauzwa kama kilivyo, bila kujali kwamba mwenye gari sasa anaishi kwa pensheni na magunia ya korosho.

Mwaka wa kwanza mzee alitengeneza kwa mtindo wa kuziba pengo. Kikilia kitu, anaagiza cha bei ndogo, kinaletwa na kondakta wa basi mpaka Kibiti, fundi anafunga. Mwaka huohuo gari lilifanya kazi ambayo hata mama aliikubali. Usiku mmoja wa masika, binti wa jirani alishikwa na uchungu, na bodaboda hazikuweza kupita kwenye tope. Shangingi lilimfikisha Kibiti, akajifungua salama. Tangu siku hiyo mlango wa nyumba hiyo hugongwa usiku bila mtu kuona haya.

Miezi michache baadaye, gari likiwa na wajukuu watatu nyuma wakirudi kutoka Kibiti, gurudumu la mbele kushoto lililala. Boljointi ya chini ilichomoka. Mzee alikuwa anatambaa kwenye mchanga, hivyo gari lilikaa chini tu likasimama, hakuna aliyeumia. Boljointi hiyo ilikuwa na miezi minne. Ilinunuliwa kwa sababu bei yake ilikuwa theluthi moja ya ile nyingine.

"Ningekuwa kwenye lami, kasi ya 80, tungekuwa tunazungumza habari nyingine," anasema mzee. Mama hakusema kitu siku ile. Kesho yake alinunua daftari dukani, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akalipiga mistari.

Kurasa tatu

Daftari hilo sasa ndilo linaloongoza matengenezo, na anayelishika ni mama. Lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni vitu vinavyosimamisha gari, vinavyoligeuza na vinavyolipoza: pedi na paipu za breki, boljointi, tairodi, beringi za magurudumu, hozipaipu za rejeta, mkanda wa taiming. Hivi hununuliwa vipya, vya kiwango, hata kama gari litalala wiki tatu likisubiri hela. Kikivunjika kimoja kati ya hivi, abiria ndiye anayeumia, au injini nzima inakwenda.

Sehemu ya pili ni vitu vipya visivyolazimika kuwa na boksi la mtengenezaji wa gari. Hapa kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Kiwanda cha magari hakitengenezi kila spea chenyewe. Nyingine hununua kwa viwanda vingine. Denso na Aisin, kwa mfano, huitengenezea Toyota spea, na pia huuza kwa majina yao. Kwa upande wa boljointi na tairodi, mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua 555 ya Sankei kutoka Japani. Spea kama hizi mara nyingi huwa nafuu kuliko zenye boksi la mtengenezaji wa gari, na zinadumu.

Sehemu ya tatu ni vitu vya mtumba: taa, vioo, mashine za kupandisha madirisha, vitasa, viti, hata milango. Kitasa kilichotumika Japani miaka kumi bado ni kitasa. Mzee hutafuta hivi Kariakoo, mitaa ya Gerezani, anapokwenda kumsalimia kijana wake. Akikosa, gari linatembea bila hicho. Dirisha la nyuma kulia halijashuka mwaka wa tatu huu.

Tairi za mtumba hazimo kwenye daftari kabisa. Mama ameambiwa na fundi pa kutazama: ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya maandishi ya DOT. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata za tairi zinaweza kuwa nzima huku mpira wenyewe umeshakauka na kupasuka kwa ndani.

Namba kabla ya bei

Ugonjwa mwingine wa spea ni kununua isiyo yenyewe. Land Cruiser za kizazi hiki zilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2007, na katikati ya miaka hiyo vitu vingi vilibadilishwa. Mtu akifika dukani akasema "nipe boljointi ya VX", muuzaji atampa moja, na huenda isiwe ya gari lake.

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa daftari una namba ya chesisi, aina ya injini na mwezi na mwaka wa kutengenezwa gari. Kijana wa Dar amepigiwa picha ya ukurasa huo. Akienda dukani, anaonyesha simu kwanza, anauliza bei baadaye. Spea ya zamani hairudishwi kwa fundi wala kutupwa hadi mpya ifike na kulinganishwa nayo.

Boksi nalo si ushahidi. Maboksi ya bandia yanachapwa vizuri sana siku hizi. Mzee hutazama spea yenyewe: namba iliyogongwa kwenye chuma, umaliziaji wa kingo, uzito wake mkononi ukilinganishwa na ya zamani. Tena hudai risiti yenye jina la spea, kwa kuwa bila risiti hakuna pa kuanzia malalamiko. Kwa anayeuziwa bandia, chombo cha serikali kinachopambana na bidhaa hizo ni Tume ya Ushindani, FCC.

Starehe iliyoondolewa

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa wa starehe yenyewe. VX hii ilikuja na saspensheni ya haidroliki. Dereva anabonyeza kitufe, gari linapanda juu au kushuka. Kila gurudumu lina tufe lenye gesi ya naitrojeni ndani yake, na gesi hiyo ndiyo inayolainisha mashimo. Miaka ikipita gesi huvuja, na gari lililokuwa likitembea kama mtumbwi kwenye maji tulivu linaanza kurukaruka kama mkokoteni.

Fundi wa Kibiti aliwafundisha kipimo chake. Injini ikiwa inawaka, gari huinuliwa mpaka juu kabisa, kisha hushushwa mpaka chini, huku mtu akitazama mafuta kwenye kopo la haidroliki. Matufe yakiwa mapya, mafuta hupanda mistari karibu 14. Yakipanda nusu ya hapo au pungufu, matufe yamekwisha. La mzee lilipanda mistari minne.

Bei ya matufe manne mapya ilizidi ada ya mwaka ya binti yao wa mwisho, aliye chuo cha uuguzi. Kulikuwa na matufe ya mtumba, lakini hakuna ajuaye gesi iliyobaki ndani. Njia ya tatu ilikuwa kuondoa haidroliki yote na kufunga springi za kawaida.

Mzee alisumbuka nayo. "Hiyo ndiyo VX yenyewe," anasema. "Ukiitoa hiyo, umebaki na Land Cruiser ya kawaida yenye viti vya ngozi."

Fundi mmoja alijitolea kuchomoa haidroliki na kuweka shokapu tu, kwa siku moja na kwa bei rahisi. Fundi wa Kibiti alimkataza: "Mzee wangu, gari la haidroliki springi zake ni laini, kwa sababu mafuta yanasaidia kubeba uzito. Ukiondoa mafuta ukaacha springi zilezile, litakaa chini kama limebeba magunia." Ikabidi zibadilishwe springi za nyuma, tosheni ba za mbele na shokapu zote kwa pamoja. Hata hivyo jumla ilikuwa chini ya matufe mapya, na spea hizo zinapatikana kirahisi zaidi.

Ada ya binti ililipwa. Gari sasa ni gumu kidogo likiwa tupu. Kitufe cha kupandisha bado kipo, na wajukuu hukibonyeza wakingoja liinuke.

Maji na chumvi

Pwani ina adui zake. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yaliwafundisha wengi kwamba gari kuvuka maji si mwisho wa safari. Maji huingia kwenye difu na beringi bila kelele. Kila baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye kitovu cha gurudumu, mzee hufungua kizibo cha difu na kutazama oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, humwagwa siku hiyohiyo.

Vilevile haweki maji ya kisima kwenye rejeta. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi hula rejeta kutoka ndani. Anatumia kuleanti, na dumu la akiba huwa chini ya kiti. Akitoka kwenye madau upande wa mikoko, chesisi huoshwa kwa maji baridi kabla ya chakula.

Taa imewaka

Wiki iliyopita jirani alikuja kuomba gari limpeleke harusini Dar es Salaam, mafuta juu yake. Mzee alikwishasema ndiyo. Mama akaleta daftari.

Kwenye dashibodi ya Land Cruiser za dizeli za aina hii kuna taa ya mkanda wa taiming, inayowaka muda wa kuubadilisha unapofika. Ya kwao iliwaka siku tatu kabla. Stika iliyobandikwa na mmiliki wa zamani ndani ya boneti inaonyesha mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 312,000. Taa hiyo inaweza kuzimwa na fundi bila mkanda kuguswa, na kuna wanaouza magari hivyo. Mkanda ukikatika njiani, valvu na pistoni hugongana, na bei ya injini si bei ya mkanda.

"Tutakuchangia nauli, shemeji," mama alimwambia jirani. "Gari hili haliendi Dar mpaka lipate mkanda na kitanua mkanda chake, na hela hiyo inasubiri malipo ya korosho."

Jirani alielewa, ingawa hakufurahi. Mzee hakusema kitu. Alichukua kalamu akaandika kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya boljointi: mkanda, kilomita 411,980.

Mpaka hapo shangingi limeegeshwa chini ya mkorosho, uso ukitazama barabarani. Wamekubaliana jambo moja tu litakaloliondoa kabla ya mkanda kufika: mlango ukigongwa usiku. Hapo litakwenda Kibiti, taratibu, na kurudi.