Mzigo wa Leo

Enzi za karatasi, ghala la ufuta pale Nangurukuru liliendeshwa kwa risiti na leja. Mkulima akipima, karani aliandika risiti yenye kopi ya kaboni. Jioni hesabu zikahamishiwa kwenye leja. Leja ikilowa mvua, haikuwa msiba, maana kopi zilikuwepo. Karani mkuu, mzee wa Kivinje, hakuruhusu leja mpya ifunguliwe kabla kopi hizo hazijahesabiwa na kufungiwa kabatini.

Kompyuta ilipoingia, utaratibu huo ulififia. Tuliambiwa mashine inajitolea nakala kila usiku, basi. Msimu mmoja, umeme ukikatika hovyo, faili la data likaharibika mchana, na nje foleni ya magunia imefika barabara ya Masoko. Fundi alikuwa tayari kurejesha nakala ya usiku. Mzee akamzuia: “Kijana, mzigo wa leo umo humo?”

Haukuwamo. Waliopima tangu asubuhi wangefutika wote, na katika stakabadhi ghalani, ambaye kilo zake hazimo kwenye orodha hupata tabu kubwa kulipwa baada ya mnada.

Fundi akavuta kiti, akatueleza habari ya logi ya miamala. Kanzidata huandika kila badiliko kwenye logi kwanza, ndipo kwenye faili la data. Logi yetu ilikaa diski ya pili, nzima kabisa. Akanakili mkia wake, ile sehemu ambayo haikuwa imehifadhiwa popote. Kisha akarejesha nakala ya usiku bila kuifungulia kazi, akaifuatishia logi kwa mpangilio, mkia ukaja mwisho. Kilo za asubuhi zikarudi zote, na mzee akazikagua risiti moja moja.

Siku hizi programu nazo zimekuwa kali. Tangu toleo la 2005, programu ya kanzidata ya SQL Server iliyowekwa kutunza logi kamili hukataa kurejesha juu ya kanzidata ambayo mkia wake haujanakiliwa, labda uilazimishe. Nimeona watu wakiilazimisha kwa sababu foleni ni ndefu, na nawasihi waache. Kinachonitisha zaidi ni mifumo iliyowekwa kwa mpangilio mwepesi, ambamo logi hujisafisha yenyewe: hapo hakuna mkia wa kuokoa. Kwa hiyo kila ofisi ya ushirika ninayoingia, kutoka hapa hadi Lindi, naomba nionyeshwe mpangilio wa logi kabla msimu wa ufuta haujafunguliwa.