Sweta la Maua Ishirini na Moja

Mji wa Kolwezi umejengwa juu, zaidi ya mita 1,400 kupita usawa wa bahari. Mtu akidhani kwamba Kongo yote ni nchi ya joto, aje alale Kolwezi usiku mmoja tu katika mwezi wa Juni au wa Julai. Asubuhi akina mama waendao sokoni hujifunika vitenge viwili, na watoto hupuliza vidole vyao. Mvua hakuna, upepo ni mkavu, na vumbi jekundu la barabara za migodi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Wakati huo ndipo masweta yanapotakiwa.

Katika mtaa wa Manika alikaa msichana wa miaka 15, pamoja na mama yake, mdogo wake na nkambo wake. Nkambo ndiye yule ambaye watu wa pwani humwita nyanya au bibi. Lakini ufikapo Kolwezi usimwite mama mzee bibi, maana huko bibi ni mke wa mtu, na watu watakucheka.

Msichana huyu alijua kroshe. Neno hili ni la Kifaransa, na maana yake ni kulabu ndogo. Mfumaji wa kroshe hashiki sindano kadhaa kama wafumao soksi. Hushika kulabu moja tu. Huvuta uzi na kuupitisha ndani ya kitanzi, kisha ndani ya kitanzi kingine, mpaka mnyororo wa vitanzi unageuka kuwa nguo. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa Uingereza mwaka 1589 na mtu aitwaye William Lee. Lakini kroshe ya kweli hata leo hutoka mikononi mwa mtu.

Nkambo ndiye aliyemfundisha. Yeye alizaliwa katika makambi ya wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampani iliyoundwa mwaka 1906 ili kuchimba shaba, na ambayo ilianza kuujenga mji wa Kolwezi mwaka 1937. Katika miaka ya 1950 wake na binti za wafanyakazi walifundishwa makambini kushona, kupika na kufuma. Kulabu yake ya kwanza haikununuliwa dukani. Baba yake aliikata katika waya wa gurudumu la baiskeli, akaupinda ncha na kuusugua juu ya jiwe mpaka ukawa laini. Kampani ile imekwisha kupita, mali yake ikachukuliwa na serikali mwaka 1967. Kulabu ile ingali kabatini.

Kazi hii imewalisha watu wengi duniani. Huko Ireland, viazi vilipooza kwa ugonjwa kuanzia mwaka 1845, watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na kwa maradhi yake. Ndipo masista Waursulini na wanawake wengine walipowafundisha wasichana maskini kufuma lesi kwa kulabu. Lesi ile iliuzwa kwa matajiri, na fedha yake ikanunua unga. Basi si ajabu kwamba hata Manika uzi uweze kumvisha mtoto inifomu.

Ikawa hivi. Mama mmoja wa mtaa ule alitaka sweta la lesi, jeupe, lenye vifungo mbele, avae katika harusi ya mdogo wake mjini Likasi. Akalipa nusu ya bei mbele. Sehemu moja ya fedha ikanunua uzi wa pamba, na sehemu nyingine ikanunua inifomu ya mdogo wake msichana. Kwa hiyo fedha haikuwepo tena. Deni lilikuwepo.

Msichana alimpima mama yule kwa utepe. Kifua kilikuwa sentimita 92. Akaongeza 4 ili mvaaji apate kupumua na kuinua mikono, jumla 96. Alikuwa na karatasi ya mfano, nayo ilisema kwamba vitanzi 20 hufanya sentimita 10. Hesabu ni rahisi: sentimita 96 zataka vitanzi 192. Na kwa kuwa kila ua la lesi ile lilikula vitanzi 8, sweta lingekuwa na maua 24 kulizunguka. Akaanza siku ile ile. Karatasi ilisema pia kwamba kwanza afume kitambaa kidogo cha kujaribia, akiloweshe, akikaushe, kisha akipime. Maneno hayo aliyaruka. Ni nani apendaye kufuma kitambaa ambacho hakuna mtu atakayekivaa?

Siku ya tisa kiwiliwili kilikuwa kimefika kwapani. Ilikuwa Ijumaa, na harusi ilikuwa Jumamosi ya juma lililofuata. Nkambo, ambaye macho yake yamefifia, aliomba kulishika. Akalipapasa kwa vidole, polepole, kama mtu anayehesabu maharagwe.

“Mjukuu wangu,” akasema, “uliupima mkono wako?”

“Nilimpima yule mama, Nkambo.”

“Sikuulizi juu ya mama. Mkono wako umelegea. Leta utepe.”

Wakapima. Katika sentimita 10 hapakuwa na vitanzi 20, bali 18 tu. Tofauti ya vitanzi viwili yaonekana ndogo kama chawa. Lakini vitanzi 192, vikiwa 18 kwa kila sentimita 10, hufanya sentimita 106 na zaidi. Sweta lilikuwa limempita mwenyewe kwa sentimita 10, upana wa kiganja cha mkono. Karatasi haikusema uongo. Ilisema habari za mkono wa mtu mwingine.

Msichana akalia. Mama yake aliyekuwa akimenya mihogo akasema, “Likunjwe chini ya kwapa, lishonwe kwa sindano. Nani ataona?”

“Litaonekana,” nkambo akajibu. “Lesi ni matundu. Ukikunja matundu juu ya matundu unapata kamba nene ubavuni. Na ukikata uzi, yote yanafumuka.”

“Mama, siku zimebaki nane! Tukifumua tutakosa sweta, tukose na fedha. Utaturudishia wewe?”

Nkambo hakuwa na fedha. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema habari za marehemu mume wake, ambaye kazi yake mgodini ilikuwa kubeba mawe ya kupimwa. Kabla ya kuuchimba mlima, mabwana wa migodi hutoboa mashimo membamba, huchukua mawe machache tu, na kuyapima shaba iliyomo. Hawachimbi mlima wote ndipo waulize kama una shaba. “Sisi tumeuchimba mlima,” akasema. “Bahati yetu ni kwamba huu ni uzi. Kitambaa kikikatwa vibaya kimekwisha. Uzi wa kroshe ukifumuliwa ni uzi tena.”

Sasa ilibidi kuhesabu upya. Sentimita 96 kwa mkono wa vitanzi 18 zataka vitanzi 172 na sehemu. Ukigawanya kwa 8 unapata maua 21 na nusu, na kidogo zaidi. Lakini hakuna nusu ya ua katika lesi. Anayefuma nguo isiyo na maua aweza kupunguza kitanzi kimoja au vitatu apendavyo. Mwenye lesi hupunguza ua zima au haachi kitu. Maua 22 yangetoa karibu sentimita 98. Maua 21 yangetoa 93. Msichana alitaka 22, kwa kuwa aliogopa kubana. Nkambo akamkumbusha ukingo wa vifungo, ambao ungeongeza sentimita 3. Hesabu mwenyewe: 93 na 3 ni 96. Tena 21 ni hesabu isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo ua moja lingekaa katikati ya mgongo, mahali pake hasa.

Jambo gumu lilikuwa kumwambia mwenye sweta. Msichana alikwenda mwenyewe jioni ile, kiwiliwili kipana mkononi. Mama yule alikivaa, akajitazama kiooni, akaona jinsi kilivyoning’inia. Hakufurahi. “Nililipia mikono mirefu,” akasema. Msichana akajibu kwamba kwa siku zilizobaki mikono ingefika viwikoni tu. Lakini angeifuma kutoka begani kwenda chini, na mikono ifumwayo hivyo huweza kuongezwa baadaye pasipo kufumua kitu. Mama yule akafikiri. Mwisho akasema, “Vema. Lakini nusu ya fedha iliyobaki utaipata siku nitakapoona mikono mirefu, si kabla.”

Usiku ule wakafumua. Kazi ya siku tisa iliisha kwa muda wa kupika ugali na kuula. Uzi uliofumuliwa hujikunja kunja kama nywele, na ukiufuma hivyo vitanzi hutoka vibaya. Kwa hiyo waliuzungusha juu ya mgongo wa kiti, wakaufunga, wakauchovya majini, wakautundika na kijiko kizito chini yake ili unyoke. Waliutundika ndani ya nyumba. Uzi mweupe ukianikwa nje katika kiangazi cha Kolwezi, jioni unakuwa na rangi ya barabara.

Mama alitaka nkambo afume mkono mmoja ili kazi iende upesi. Nkambo akakataa: mkono wake hukaza, wa mjukuu hulegea, na mikono miwili ya sweta ingekuwa kama ya watu wawili. Basi mama, bila kusema zaidi, akachukua kazi zote za msichana: maji, jiko, sahani, kumwosha mdogo wake. Msichana alifuma tangu mapambazuko. Jumapili baada ya Misa alifuma pia, na hakuna aliyemkemea.

Jumatano jioni kiwiliwili kilijaribiwa. Kifua kilikaa sawa. Shingoni nyuma paliachama kidogo, maana mwili wa mtu si ubao. Wakazungusha safu moja ya vitanzi vya kukaza, wakiruka kimoja kila baada ya vitano, pakatulia. Ijumaa usiku kifungo cha mwisho kilishonwa kwa mwanga wa taa. Alfajiri mama yule alipanda basi la Likasi, mikono ya sweta imefika viwikoni na kitenge juu ya mabega.

Jumanne alirudi nalo. Lilikuwa na doa la mawese karibu na kifungo cha pili, na uzito wa pamba ulikuwa umelivuta chini kiasi cha vidole viwili. Nkambo alikuwa ameliona hilo mbele, akamwambia mjukuu wake apunguze safu mbili. Sasa lilifika kiunoni barabara. Msichana akashika nyuzi za viwikoni, akaendelea kufuma kwenda chini, siku tatu, mpaka vifundo vya mikono. Mama yule akahesabu fedha mezani. Uzi uliobaki, kwa sababu ya yale maua matatu yaliyopunguzwa, ulitosha kofia ya mtoto mchanga. Kabla ya kuianza, msichana alifuma kitambaa kidogo cha mraba, akakichovya majini, akakitandaza mezani na kukingoja kikauke.