Lebo Yangu ya Kwanza

Msomaji, wenzangu walianza na shairi. Maandishi yangu ya kwanza kulipwa yalikuwa lebo: "Mafuta asilia ya nyonyo. Hayana madhara kabisa." Nimemaliza kidato cha nne, niko Morogoro mjini sina mbele wala nyuma, riwaya imekwama sura ya pili. Muuzaji mmoja pale Msamvu akanipa elfu tano. Basi, nikajiona mwandishi!

Wiki hiyohiyo nikapanda gari la Matombo, mashariki ya milima ya Uluguru, kumsalimia bibi. Alikuwa ameanika mbegu za nyonyo uani, zile zenye madoadoa kama shanga. Mtoto wa dada akaokota moja, akaipeleka mdomoni. Bibi, na miaka yake sabini na kitu, aliruka kama msichana, akampiga mkono. Mbegu ikaanguka.

"Zinaua hizi!" alifoka, anahema.

"Sasa bibi, mbona tunajipaka?"

"Mume wangu, huna subira. Kaa hapo."

Nikakaa. Alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakaelea, akayaengua na kuyarudisha motoni yakauke maji. Makapi akayafukia, hata kuku hawapewi. Baadaye nilisoma: sumu ya nyonyo, risini, ni protini. Haiyeyuki katika mafuta, hubaki kwenye makapi, na moto huiharibu. Bibi hajui jina lake ila dawa yake anaijua.

Hata mafuta safi, ngozi nyingine huyakataa, ikawasha na kutoa vipele. Ndiyo maana bibi hupaka tone moja ndani ya kiwiko, akangoja hadi kesho.

Niliporudi mjini nikamuuliza muuzaji: nani anayakamua, na kwa namna gani? Hakujua. Nikamwambia tuandike upya: jaribu kidogo kwanza, usimeze, weka mbali na watoto.

Akacheka. "Mdogo wangu, ukiandika hivyo nani atanunua?"

Nikamrudishia elfu tano yake, ya kukopa. Lakini chupa zilizokwisha kuuzwa ningezifuata wapi?

Neno "kabisa" ndilo linaloninyima usingizi. Katika riwaya ningelikata kwa kalamu, yakaisha. Hili limeshatoka, limo usoni mwa mtu nisiyemjua.