Presha ya Tabo, Hewa ya Unyanyembe

Ukiishi Tabora ni rahisi kusahau kwamba uko juu. Hakuna mlima wa kukukumbusha. Miombo imetanda pande zote, barabara ya Urambo imenyooka sawa na ile ya Nzega, na mgeni aliyeshuka kwenye treni usiku anaweza kukaa hapa miezi bila kujua kwamba amepanda karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Presha ya hewa ya hapa ni pungufu ya ile ya Bagamoyo kwa karibu asilimia 13. Mapafu ya aliyezaliwa hapa hayana habari. Injini inazo, kila inapovuta pumzi. Nami nimeanza kuzipata polepole, kwa sababu ya kifaa kidogo ninachokitafuta na ambacho mpaka leo sijakinunua: kidhibiti cha presha ya tabo.

Gari lenyewe ni Subaru Forester la petroli, lililokuja nchini likiwa limetumika Japani, kama magari yetu mengi. Lilitoka na tabo lake kiwandani. Haja yangu ya kidhibiti ilianzia barabarani. Siku hizi lami inatufikisha Dar es Salaam kwa kupita Nyahua, Chaya, Itigi na Manyoni, na njiani yapo malori marefu yanayokwenda na kurudi Kigoma na mpakani. Kulipita lori la namna hiyo kunataka nguvu ya muda mfupi, na nguvu ile ikichelewa hata kidogo moyo unaruka. Nilijiambia kwamba presha ikiongezeka kidogo nitakuwa salama zaidi. Huenda ni kweli. Sijaliacha wazo hilo, ila sasa silishiki kwa uhakika ule wa mwanzo.

Ilinibidi kwanza nielewe kinachotendeka ndani. Moshi unaotoka kwenye silinda unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeungwa kwa shafti na jingine, nalo hili la pili linaisukuma hewa kuelekea kwenye injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua. Moshi unazidi, magurudumu yanakimbia zaidi, hewa inaongezeka tena. Mzunguko huo ukiachwa bila kizuizi utaendelea mpaka kitu kivunjike. Ndiyo maana pamewekwa kimlango pembeni, mafundi wanakiita westigeti, ambacho kikifunguka sehemu ya moshi hupita bila kuligusa gurudumu. Anayekifungua ni aktueta, kikopo cha chuma chenye kiwambo na springi. Mpira mwembamba unamletea presha ya hewa ileile inayokwenda kwenye injini. Presha ikiishinda springi, mlango unafunguka. Huo ndio msingi wake, na magari mengi yamezeeka salama kwa mpango huo.

Fundi ninayemtegemea ni mzee aliyeanzia kwenye injini za dizeli za malori. Nilipomuuliza kidhibiti kipi kinaongeza nguvu zaidi, alikaa kimya kidogo, akifuta mikono.

"Mwanangu, hicho kifaa hakiongezi kitu," alisema. "Kinamficha aktueta habari. Presha imeshafika, yeye anaambiwa bado."

"Sasa mzee, kumficha si hatari?"

"Inategemea unamficha kiasi gani, na unajua nini wewe unayeficha."

Ni kweli kwa namna kinavyofanya kazi. Kidhibiti kinakaa kwenye ule mpira mwembamba. Kile cha mkono kina kigololi kilichokandamizwa na springi, au tundu linalovujisha hewa nje, na unakirekebisha kwa kukaza au kulegeza skrubu. Kile cha umeme kina solenoidi inayofunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde moja, ikiongozwa na kompyuta ndogo yenye kihisio cha presha. Vyote viwili kazi yao ni hiyo: habari inayomfikia mlinzi wa mlango ipunguzwe au icheleweshwe, ili mlango ukae umefungwa muda mrefu kidogo. Tena haviwezi kwenda upande wa pili. Hakuna kidhibiti cha aina hii kitakachoishusha presha chini ya kile springi ilichopangiwa. Anayetaka presha ndogo zaidi hana budi kubadilisha springi yenyewe.

Neno la mzee limekaa nami kuliko nilivyotarajia. Nimeanza kuona ni mara ngapi mtu huishi kwa kupunguza habari zinazomfikia sehemu yake ile inayopaswa kufungua mlango. Mwili unasema umechoka, nasi tunavujisha kidogo pembeni, tunasema bado. Nyumbani mtu amenyamaza kuliko kawaida yake, tunakaza skrubu tukingoja mwezi uishe. Na siwezi kusema kwamba kila mara ni vibaya. Mama anayeuguza mtoto usiku hawezi kuusikiliza uchovu wake wote. Mkulima wa tumbaku msimu wa kuvuna hawezi. Yapo maeneo maishani ambayo hayavukiki bila kumwambia mlinzi asubiri. Kinachonitatiza ni namna ya kujua ukubwa wa eneo hilo kabla ya kuliingia.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wapagazi wa misafara ya zamani, waliopita njia hii kwa miguu. Kati ya Ugogo na Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, palikuwa na pori lililojulikana kama Mgunda Mkali, nchi ya vichaka na maji ya shida, na barabara yetu ya leo ya Manyoni na Itigi inapita nchi hiyohiyo. Siku za kawaida msafara uliondoka alfajiri ukapiga kambi kabla jua halijakomaa. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba yapata frasila mbili, kama kilo 32, na juu yake mkeka, sufuria na posho yake. Lakini penye kiu walitembea kwa terekeza: wanaondoka baada ya adhuhuri, wanakwenda mpaka giza, wanalala bila maji ila yale ya kwenye vibuyu, kisha wanadamka ili wayafikie maji asubuhi. Ulikuwa mwendo uliozidi kipimo, na waliujua hivyo. Waliweza kwa sababu kirangozi, mwongoza njia wao, alijua kisima kinachofuata kiko wapi, na kwa sababu baada ya terekeza hapakuwa na terekeza nyingine isiyo na mwisho.

Jambo jingine kuhusu watu wale linanigusa zaidi. Mzigo ulipozidi, au mwendo uliporefushwa bila sababu waliyoikubali, waliweka mizigo chini. Wasafiri wa Ulaya waliandika malalamiko mengi juu ya wapagazi waliogoma na waliotoroka, wakaita jambo hilo uvivu. Nikisoma mambo hayo nikiwa Tabora, mji uliokuzwa na jasho lao, naona kitu kingine. Walikuwa na desturi zao za kazi, wanajua mabega yanafika wapi, na walilisema hilo mapema, kabla mtu hajaanguka njiani. Msafara ambao mkuu wake aliusikia mnung'uniko wa asubuhi ulikuwa na nafasi kubwa ya kufika. Sidhani kwamba mkuu aliyetafuta njia ya kutousikia alikuwa anaongeza nguvu yoyote.

Narudi kwenye hewa, maana hapo ndipo uchaguzi wangu unapokuwa mgumu. Tuseme tabo limepangwa kusukuma 0.8 juu ya presha ya mahali gari lilipo, kwa kipimo cha presha kiitwacho ba. Bagamoyo hewa yenyewe ina 1.01, kwa hiyo injini inapata 1.81. Tabora hewa ina kama 0.88, nayo injini inapata 1.68. Geji ya kawaida itasoma 0.8 kotekote, kwa sababu inapima kilichozidi hewa iliyoizunguka. Namba ni ileile na sindano imesimama palepale, lakini kinachoingia kwenye silinda si kimoja. Nikitaka injini ipate hapa kile inachopata pwani, itabidi nipandishe mpaka 0.93, na tabo liibane hewa zaidi ya mara mbili, wakati pwani lilikuwa halijafika mara mbili. Litazunguka kwa kasi zaidi na hewa itatoka ya moto zaidi. Nikikaza skrubu Tabora mpaka nikaridhika, kisha nikashuka Morogoro na Dar bila kuigusa, injini itapewa mzigo ambao sikuukusudia. Petroli isipolingana na hewa hiyo, injini hugonga, na pistoni huvunjika kwenye kingo za ringi. Kompyuta ya gari inaweza kukata mafuta ghafla ili kujiokoa, na kukatiwa mafuta ubavuni mwa lori ndiyo hatari ileile niliyotaka kuikimbia.

Tena nilijifunza kwamba tabo halikubuniwa kwa ajili ya kiburi cha barabarani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliomba hataza yake mwaka 1905, akitafuta namna ya kutumia nguvu inayopotea na moshi. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, Marekani, zaidi ya mita 4,000, kuonyesha kwamba tabo linaweza kuirudishia injini nguvu inayoipoteza penye hewa nyepesi. Tangu nijue hilo nalitazama tabo la gari langu kwa jicho jingine. Labda kazi yake hapa Unyanyembe ni hiyo ya kurudisha kilichopungua, na labda inaifanya tayari bila msaada wangu.

Kwa hiyo siwezi kukichagua kile cha mkono, ingawa bei yake ni nafuu na hakina waya wa kuharibika. Mtu anayezunguka Ipuli na Isevya tu na hatoki mjini, nisingemkataza. Mimi napanda na kushuka mita 1,200 kila safari, na skrubu haijui ilipo. Cha umeme kinachopima presha halisi, si ile inayozidi hewa ya mahali tu, kinanivutia zaidi, hasa kwa kuwa kinaweza kuwekewa viwango viwili na kikomo cha tahadhari. Lakini nacho hakijui ubora wa petroli niliyojaza wala umri wa gasketi. Mzee anataka kwanza tukague mipira yote, maana ufa mdogo kwenye ule mwembamba humficha aktueta habari bila ruhusa ya mtu.

Tumeanza kwa kufunga geji. Nikishuka Dar, mwenzangu wa safari ataandika inachosoma ninapolipita lori, Itigi, Dodoma na Morogoro, pamoja na hali ya joto la siku hiyo. Nikirudi tutakaa na karatasi hiyo, mimi na mzee, tuamue kama kuna cha kuongeza. Yeye anaegemea kuliacha gari lilivyo. Mimi naegemea kiwango kidogo, cha kupitia malori tu, na sijaweza kumweleza vizuri ni kwa nini.