Diski isiyoshikika inayolinda sauti zenu

Ninyi wasikilizaji na wahamaji wa vita munaotupatia sauti zenu, wengi munaniuliza ninaziweka wapi. Munayo haki ya kuuliza. Kompyuta inaweza kunyang'anywa njiani, na ndani yake mna majina ya watoto wanaotafutwa na vijiji walikotoka.

Ninatumia Linux. Ninatengeneza faili moja kubwa, ninaiambia kompyuta iichukue kama diski kamili, kisha ninaitia kufuli ya siri. Nikiifunga, asiye na neno la siri hasomi hata jina moja.

Hatari iko kwenye namba. Kila diski ya namna hiyo ina namba yake, na ukiandika kwenye namba isiyo yake, unaweza kufuta sauti za watu. Zamani kwa kawaida ziliandaliwa 8 tu. Mwaka 2011, Linux 3.1 ilileta mlango mmoja wa kuombea, /dev/loop-control: unauliza, unaambiwa namba iliyo wazi. Lakini kuambiwa si kupewa. Munaopanga foleni ya unga munaelewa: jetoni ikiwa ingali mezani, haijawa yako, mwingine anaweza kuichukua. Programu inafika, inakuta namba imeshikwa, inarudi kuuliza upya.

Waliotengeneza zram, diski inayokaa ndani ya RAM na kubana data (inazisaidia sana kompyuta zetu za zamani), walifanya vingine. Ukisoma faili iitwayo hot_add, diski inazaliwa palepale na unarudishiwa namba yake. Hakuna wa kukupokonya. Ila jamani, kusoma! Mtu anapekua tu aone kilichomo, kumbe ameacha diski mpya nyuma yake. Baadaye faili hiyo ilifungwa, ikabaki ya msimamizi peke yake. Mimi bado naona kutazama kungebaki kutazama, na anayetaka diski aiombe waziwazi.

Kwa hiyo namba sichagui mwenyewe. Naiachia programu ya losetup itafute, ishike na inionyeshe, yote kwa amri moja. Ikipokonywa, inajaribu tena yenyewe. Halafu naangalia tena jina la faili kabla ya kuandika chochote.

Sauti za wiki hii zimekwisha kuingia. Anayetaka yake ifutwe aniambie kabla hatujairusha hewani.